Kamasi za tundu moja: kitu kilichosahaulika puani na jiwe linalozaliwa nacho

Mafua ni ugonjwa wa matundu mawili. Virusi vikiingia puani havichagui kulia wala kushoto. Aleji nayo ni hivyo hivyo, na vumbi la kiangazi pia. Kwa hiyo mtoto akitoka kamasi tundu moja tu, nzito, za njano au kijani, pengine zenye uzi wa damu, na harufu yake ikawa inamtangulia mlangoni, dhana ya kwanza iwe kwamba kuna kitu ndani. Dhana hiyo haiondolewi na dawa. Inaondolewa na tochi na jicho.

Ninatilia mkazo jambo hili kwa sababu njia wanayopitishwa watoto hawa inafanana mno. Wiki ya kwanza ni dawa ya mafua. Wiki ya tatu ni amoksilini: kamasi zinapungua, harufu inakata, mzazi anashusha pumzi. Dawa ikiisha hazipiti siku nyingi, harufu imerudi. Inafuata antibayotiki ya pili, kisha dawa ya aleji, kisha mtoto anaambiwa ana nyama za pua au sainasi. Antibayotiki inawapunguza bakteria wanaoishi kukizunguka kile kitu, lakini chenyewe kinabaki pale pale. Nafuu ni ya kweli, ila ni ya muda, na ndiyo inayowapoteza wote, mzazi na mhudumu.

Mtoto naye hasemi. Wa miaka miwili hana maneno. Wa miaka minne anayo, lakini anakumbuka alivyogombezwa siku alipotia udongo mdomoni. Ukimuuliza kwa ukali, "Umeingiza nini puani?" atajibu hajaingiza kitu. Muulize mkiwa mnacheza, kwa sauti ya kawaida, ule ushanga ulipotelea wapi. Waulize na ndugu zake, na wenzake wa chekechea, maana wakati mwingine aliyetia si yeye. Wengi ni wa miaka miwili hadi mitano. Mtoto mchanga ambaye bado hashiki kitu kwa ncha za vidole viwili, yaani kabla ya miezi tisa hivi, hawezi kujitilia kitu puani; ukikikuta, kuna mkono mwingine. Tundu la kulia huathirika zaidi kwa sababu watoto wengi hutumia mkono wa kulia.

Vitu vyenyewe ni vile vilivyo chini ya mkono wa mtoto: shanga, punje za mahindi, kunde, maharage, karanga, kokwa ya ukwaju, kokoto, kifungo, kipande cha kifutio, karatasi iliyotafunwa, sponji iliyonyofolewa kwenye godoro. Kila kimoja kina tabia yake, na ukiijua tabia hiyo utajua la kufanya. Sponji na karatasi hunyonya kamasi na kuoza nazo. Hizi hunuka upesi, ndani ya siku chache, na harufu yake huwa kali kiasi kwamba watu hudhani mtoto hajaogeshwa. Mbegu kavu hunywa maji na kuvimba: punje iliyoingia bila shida asubuhi inaweza kuwa imebana kabisa kesho yake. Ushanga wa plastiki ndio wenye hila. Haunyonyi, hauozi, hauvimbi. Ukikaa sehemu yenye nafasi, mtoto anaweza kumaliza miezi, hata miaka, bila dalili ya kumfanya mtu ashtuke. Mawe ya pua, yaani ukoko wa chumvi unaogandia kitu kilichoachwa humo, mengi huanza na kitu kimya cha namna hiyo.

Kuangalia si kazi ngumu, ila ina utaratibu wake. Mviringishe mtoto kwenye kanga, mikono ikiwa ndani, mkalishe mapajani mgongo wake ukiegemea kifua cha mzazi. Miguu yake mzazi aibane kati ya mapaja yake. Mkono mmoja wa mzazi upite juu ya mikono ya mtoto, kiganja cha mkono wa pili kitulie kwenye paji la uso na kukivuta kichwa kifuani. Atakayeangalia aweke kidole gumba kwenye ncha ya pua na kuinyanyua juu. Pua ya mtoto ni laini, inafunguka kwa hilo tu, bila chombo cha chuma cha kumtisha. Mwanga uwe karibu na usawa wa macho yako. Tochi ya kichwani ni bora kwa sababu inakuachia mikono miwili.

Sasa hapa ndipo wengi hukosea. Sakafu ya pua haipandi kuelekea machoni. Inakwenda moja kwa moja kinyumenyume, bapa, kuelekea usawa wa masikio. Kitu hukaa mara nyingi sehemu mbili: kwenye sakafu hiyo, chini ya mkunjo wa chini wa nyama unaotoka ukuta wa nje, au juu kidogo, mbele ya mkunjo wa pili, wa kati. Anayeangalia juu tu kwa kufuata umbo la nje la pua anaikosa sakafu nzima. Na ule mkunjo wa nyama wenyewe, wa waridi, unaong'aa na uliovimba kwa sababu ya mafua, umeshadhaniwa mara nyingi kuwa ndicho kitu kilichoingia, ukavutwa kwa kibano mpaka damu ikamwagika. Kabla ya kugusa chochote linganisha na tundu la pili. Kilichopo pande zote mbili kwa umbo lile lile ni mwili wa mtoto.

Kama kamasi zimejaa, zifutwe au zifyonzwe kwanza. Ukitaka kujua kama tundu limeziba, weka kijiko cha chuma kilichopozwa chini ya pua mtoto akiwa amefunga mdomo: ukungu unapaswa kutokea sehemu mbili. Ukitokea upande mmoja tu, umepata jibu la nusu ya swali.

Nyumbani kuna mambo mawili yanayofaa kujaribiwa, na siyo zaidi. La kwanza ni kupenga, kwa mtoto anayejua kupenga kweli, aghalabu wa miaka mitatu na kuendelea: funga tundu lisilo na kitu kwa kidole, avute hewa kwa mdomo, kisha apenge kwa nguvu. Asiyejua tofauti ya kupenga na kunusa usimwambie, kwa sababu akivuta ndani atakipeleka nyuma. La pili linaitwa busu la mama. Daktari mmoja wa New Jersey, Marekani, Vladimir Ctibor, alilieleza mwaka 1965, na hadi leo ni miongoni mwa njia za kwanza kwa vitu laini vya mviringo vinavyoziba tundu zima. Mzazi anamwambia mtoto atampa busu kubwa, anafunika mdomo wa mtoto ulio wazi kwa mdomo wake bila kuacha upenyo, na kwa kidole anaziba tundu lisilo na kitu. Anapuliza polepole hadi asikie ukinzani kidogo, ishara kwamba koromeo limejifunga, kisha papo hapo anapuliza pumzi moja fupi ya ghafla. Hewa haina pa kwenda ila kupanda nyuma ya kaakaa na kutokea tundu lililoziba. Hufanikiwa kwa karibu watoto sita katika kumi. Hata kikiwa hakijatoka, mara nyingi husogea mbele kikaonekana vizuri zaidi. Rudia mara mbili au tatu. Usipofanikiwa, nenda hospitali.

Usitumie njiti ya kiberiti, kijiti cha meno, chupio la nywele wala pamba ya masikio. Kila kimoja cha hivyo husukuma. Kitu cha mviringo kikisukumwa kinateleza nyuma ya pua, kinaangukia kooni, na mtoto anayelia huku akivuta pumzi kwa nguvu anaweza kupaliwa nacho. Usimwagie maji tundu lenye mbegu. Wapo pia wanaonusisha pilipili au ugoro ili apige chafya: kabla ya chafya kuna pumzi ndefu ya kwenda ndani, na hakuna anayejua ipi itashinda. Ikiwa kitu kimepotea machoni ghafla na mtoto akaanza kukohoa au kupumua kwa mluzi, habari ya pua imekwisha. Hiyo ni dharura ya kifua.

Betri ndogo za duara zina sheria zake. Zinazoingia puani ni zile za saa, vipimajoto, tochi za leza na vifaa vya kuchezea vinavyowaka taa: LR44 yenye upana wa milimita 11.6, na LR41 yenye milimita 7.9. Mtu anadhani hatari yake ni kuvuja kwa kemikali za ndani. Hilo lipo, lakini la haraka zaidi ni umeme wenyewe. Utando wa pua una unyevu wenye chumvi, kwa hiyo umeme unapita kutoka upande mmoja wa betri hadi wa pili, na kwenye upande wa hasi maji yanabadilika kuwa magadi makali yanayoyeyusha nyama. Madhara huanza ndani ya saa chache. Upande wa hasi ukigusa ukuta wa katikati wa pua, gegedu hufa na ukuta kutoboka, na mtoto huyo baadaye anaweza kuwa na pua iliyobonyea kama tandiko. Betri "iliyokufa", isiyowasha tena kichezeo, bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Usitie matone yoyote ya pua, hata maji ya chumvi, kabla haijatolewa, maana unyevu unaongeza mkondo. Unaweza kujaribu busu la mama mara moja wakati usafiri unatafutwa, usilisubirie. Kwenye eksirei betri huonekana na duara mbili, moja ndani ya nyingine, tofauti na sarafu yenye duara moja. Hii ni ya kutolewa leo, sasa, na swali la mtoto amekula saa ngapi atalipima mtoa nusu kaputi. Lisimrudishe mtu nyumbani hadi kesho. Dalili za awali ni kamasi nyeusi au za kahawia, uvimbe wa shavu, na mtoto kulia kupita kiasi.

Ndugu yake betri ni sumaku. Mbili zikiingia, moja kila tundu, zinashikana zikiwa zimebana ukuta wa katikati na kuukatia damu. Zote hizi huonekana kwenye eksirei. Plastiki, mbegu, karatasi na sponji hazionekani, kwa hiyo picha iliyo safi haiondoi shaka kwa mtoto anayenuka tundu moja.

Kwa wahudumu walioko zahanati na vituo vya afya: jaribio la kwanza ndilo bora mtakalopata. Baada ya hapo mtoto ameshaogopa, utando umevimba, damu imeficha kila kitu. Kwa hiyo andaa kwanza. Kama si betri, weka tone moja au mawili ya dawa ya kusinyaza utando, kwa mfano zailometazolini 0.05%, kwa mtoto aliyezidi miaka miwili, na dawa ya ganzi ya juu ya utando, kisha subiri dakika kumi kamili. Hesabu ganzi kwa uzito: lidokeini 4% ina miligramu 40 katika kila mililita, na kwa kikomo cha miligramu 3 kwa kilo, mtoto wa kilo 12 asizidi miligramu 36, ambazo hazifiki mililita moja. Mashine ya kufyonza iwe imewashwa.

Chombo kinachaguliwa kwa umbo la kitu. Kibano chenye meno ni cha vitu vyenye kingo au vya kushikika: karatasi, sponji, kipande cha kifutio. Ukikitumia kwa ushanga au kunde, meno yanateleza na kitu kinaruka nyuma. Hili ndilo kosa ninaloliona baya kuliko yote, kwa sababu kibano ndicho kifaa kilichopo kila chumba. Cha mviringo kinataka ndoana butu. Ipitishe juu ya kitu, ncha ikiwa imelala, mpaka iwe nyuma yake. Igeuze ncha itazame chini. Kisha vuta mbele ukikikokota kitu juu ya sakafu ya pua. Pasipo na ndoana, katheta, yaani mrija mwembamba wenye puto nchani, namba 5 hadi 8, inafanya kazi nzuri: jaribu puto kwanza, ipake jeli, ipitishe kando ya kitu hadi ikipite, jaza mililita 2 kwa mtoto mdogo au 3 kwa mkubwa, vuta polepole. Mrija laini wa kufyonza unafaa kwa ushanga usiobana. Shanga yenye tundu la uzi huvutwa pia kwa kupitisha ndoana kwenye tundu hilo, kama linatazama mbele.

Majaribio mawili yakishindikana, au kukiwa na damu, au kitu hakionekani, au mtoto hashikiki, andika rufaa kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usimlegeze kwa dozi ndogo ya dawa ya usingizi kwenye chumba kisicho na oksijeni wala vifaa vya kulinda njia ya hewa: mtoto aliyelegea nusu amepoteza kikohozi kinachomlinda asipaliwe. Asafiri akiwa amekaa wima. Kama nusu kaputi inatarajiwa, chakula kisimame saa 6 kabla na maji matupu saa 2.

Kikitoka, usimwachie bado. Angalia tundu lile lile tena, kisha la pili, kisha masikio yote mawili. Anayetia punje moja ametia mbili, na ya pili ndiyo inayosahaulika.

Sasa jiwe. Kitu kilichoachwa kinauchokoza utando, utando unatoa ute na majimaji, yanakwama kwa sababu njia imezibwa, na hewa inayopita kila siku inayakausha. Machozi nayo yanamwagika humo humo, maana mrija wa machozi hufungukia chini ya ule mkunjo wa chini. Kinachobaki baada ya maji kukauka ni chumvi za kalisi na magnesi, fosfeti na kabonati, zinazojipaka tabaka juu ya tabaka kama ukoko ndani ya birika la chai. Kazi hii huchukua miaka. Ndiyo maana kitu kilichoingia katika umri wa miaka mitatu huweza kugunduliwa akiwa kijana au mtu mzima, naye hakumbuki chochote. Thomas Bartholin, tabibu wa Denmark, alieleza mwaka 1654 jiwe la aina hii lililokuwa limeota kuzunguka kokwa ya tunda. Si lazima mbegu ya jiwe itoke nje: donge la damu iliyoganda, au jino lililoota kuelekea puani, linaweza kuwa kiini. Lakini kitu cha utotoni ndicho cha kufikiria kwanza.

Mwenye jiwe hulalamika tundu moja kuziba, kamasi za usaha, damu ya mara kwa mara, maumivu ya uso au kichwa upande huo, jicho kutoa machozi. Harufu mara nyingi analalamikiwa na wengine. Yeye mwenyewe pua imeizoea. Ukiangalia utaona kitu cha kijivu, kahawia au cheusi, chenye uso wa mparuzo, kimezungukwa na vinyama vinavyotoka damu kirahisi. Kigonge kwa ncha ya chuma: utahisi na kusikia mkwaruzo wa mawe. Hakuna uvimbe wa nyama unaotoa sauti hiyo. Kipimo cha CT, yaani eksirei inayopiga picha tabaka kwa tabaka, bila dawa ya mshipani, kinaonyesha ukubwa wake, mara nyingi pembeni peupe kuliko katikati, na kinaonyesha lilichoharibu: ukuta wa katikati uliosukumwa au kutoboka, ukuta wa sainasi ulioliwa, mara chache kaakaa lenye tundu la kupitisha maji kutoka kinywani kwenda puani. Pia kinasaidia kutenganisha jiwe na uvimbe wa mfupa, au donge la fangasi lililoshika kalisi.

Jiwe halitolewi kwa kuvutwa kwa nguvu. Umbo lake limefinyangwa na pua yenyewe, lina pembe zinazoingia kwenye kila upenyo, na ukilivuta zima linachana utando. Hutolewa chumba cha upasuaji, chini ya nusu kaputi, kwa kamera nyembamba ya pua. Likiwa kubwa linavunjwa kwanza vipande. Kitambaa kinachozibwa kooni kuzuia damu na vipande visishuke lazima kihesabiwe kinapoingia na kinapotoka. Kama utando wa pande mbili zinazotazamana umechubuka, huwekwa kipande bapa laini cha silikoni kati yake kwa siku kadhaa zisije zikagandana zikipona.

Baadaye pua huoshwa kwa maji ya chumvi mara mbili au tatu kwa siku: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa. Maji ya bomba au kisima yasiyochemshwa hayafai kuingizwa puani. Harufu hukata ndani ya siku chache. Ikibaki, kipande kimesalia, au sainasi ya upande huo bado ina usaha, na kamera irudi ndani. Mwombe daktari akate jiwe katikati kabla ya kulitupa. Mara nyingine kiini kimeyeyuka hakitambuliki tena. Mara nyingine ni ushanga, na tundu lake la uzi bado liko wazi.